Ukuta Utakaokuja Baada ya Shimo
Jana huko mtaani Wandegeya nilikuwa nasubiri suruali kwa mama mmoja mshonaji, msimamizi wa ujenzi akaingia. Nyuma ya duka watu wake wamechimba shimo la kumeza ghorofa tatu, na ukuta wa mama umepasuka. Mama akazamisha kiganja kizima kwenye ufa.

“Bwana ssebo, mlisema mtachanganya udongo na saruji humo ardhini, uwe ukuta wa kutuzuia tusiporomoke. Uko wapi?”

“Utakuja, mama nnyabo. Tumalize kuchimba kwanza.”

“Na mimi ninayelala humu na wajukuu?”

Wasomaji, ukuta huo hutangulia shimo. Hata mlevi hushika nguzo kabla ya kuinama!

Msimamizi alitaka kuegemea ule ukuta wenye ufa ajibu kwa mapozi. Akasita, akausogeza mgongo wake mbali, akatoka nje.