Ziwa Ambalo Night Hakuwahi Kuliona

Mimi nilikataa tangu mwanzo. Kwetu ni Ajia, na kwa watu wa Ajia mlima ni kitu cha kutazama ukiwa umesimama shambani na jembe mkononi. Hakuna anayekuita huko. Lakini Night akishaamua jambo hakuulizi kama unataka. Anakuuliza utabeba nini.

Night ni jirani yangu hapa Arua, Uganda, huu mwaka wa kumi na nne. Ni Mkakwa wa Ludara, kule wilaya ya Koboko, na jina lake alilipata kwa kuzaliwa usiku, kama wenzake wengi wa kwao. Ana miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu, na kazi ileile tangu ujana: mpishi wa shule ya msingi. Watoto mia sita na zaidi wanakula chakula cha mkono wake kila mchana. Mimi nauza nyanya sokoni, na mnunuzi msumbufu kama yeye sijamwona. Anazibonyeza moja moja mpaka natamani kumfukuza.

Sasa, nyuma ya kwao Ludara kuna mlima wenye mgongo mrefu, na ng'ambo ya mgongo huo kuna ziwa. Ni dogo, sidhani kama lipo kwenye ramani, lakini watu wa huko wanaliita ziwa nami sitabishana nao. Night alizaliwa chini ya mlima huo na hajawahi kuliona. Utotoni kaka zake walipanda na mbuzi asubuhi, wakarudi jioni nywele mbichi, wakijisifu. Yeye akiomba kwenda, mama yake anauliza: nani atabaki na sufuria? Akaolewa, akabaki na sufuria. Akaajiriwa, na kila shule ilipopeleka watoto matembezi, yeye alipakiwa pamoja na kuni. Mwaka mmoja walikwenda kwenye maporomoko ya maji. Aliyasikia yakianguka kutwa nzima, hakuyaona.

"Nilikuwa nageuza wali," aliniambia, akacheka.

Mimi sikucheka. Hasira zangu hazikai mbali, na siku hiyo zilikuja mbio.

Basi mwaka jana, likizo ya Desemba ilipokaribia, akatangaza kwamba anakwenda kuliona ziwa kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Na kwa kuwa Night hajui kufanya jambo bila watoto, watoto tisa wa ua wetu wakaingizwa safarini, akiwemo mjukuu wake Kevina, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye maneno machache na macho makali.

Mpango wenyewe uliandikwa kwenye daftari, kwa penseli, barazani kwake, Jumapili tatu mfululizo. Nani ana viatu na nani ana kandambili tu. Nani anaogopa nyoka. Nani anasema haogopi nyoka, huyo atembee katikati. Jumamosi alitupandisha kile kilima cha mjini chenye minara ya simu, eti mazoezi, na watu wa bodaboda wakasimama wakitutazama kama harusi iliyopotea njia. Kila mtoto alipewa jozi, mkubwa na mdogo, wanashikana mkono, na sheria ikaandikwa kwa herufi kubwa: hakuna anayepiga hatua bila jozi yake. Tisa haigawanyiki kwa mbili, akabaki Kevina peke yake, kwa hiyo Night akajiandika mwenyewe kuwa jozi ya Kevina. Mimi niliandikwa "nyuma", yaani kuokota waliochoka. Hakuna aliyeuliza nani ataniokota mimi.

Chakula kilikuwa mihogo ya kuchemsha, njugu na mayai, vyote vibebwe vikiwa vimepoa. Chini ya orodha aliandika: HAKUNA KUPIKA. Akapiga mstari mara mbili, penseli ikavunjika.

Kisha akakosea, na kosa lenyewe ni la mtu mwenye adabu. Njia ya kupanda inapita mbele ya nyumba ya kaka yake mkubwa, Mzee Lokule, mwanajeshi mstaafu. Utapitaje mlangoni kwa kaka yako na watoto tisa kama mwizi? Akampigia simu, akamwambia tutapita Alhamisi, kusalimia tu. Lokule akasema sawa. Mimi nilimwonya Night kwamba kwa mwanamume wa Koboko salamu ina miguu minne, akanijibu nimezidi kwa dhana.

Tulifika saa tatu asubuhi. Salamu ilikuwa tayari imechinjwa, imechunwa, imekatwakatwa, inasubiri ndani ya beseni.

Kikakwa mimi sikijui, na Kilugbara changu Lokule hakitaki, kwa hiyo hapo kwake tulizungumza Kiswahili, kile cha kambini na cha sokoni.

"Karibu, karibu! Hii watoto yote ya kwetu!" alisema Lokule, mrefu, amenyooka, kofia ya zamani kichwani. "Mama ya watoto iko Koboko, ule binti yetu imezaa juzi. Lakini mimi nasema hakuna shida, Night iko nakuja. Mupishi ya serikali!"

Akamkabidhi dada yake mwiko.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alitaka kupona kwa mgongo wa mgeni. Nilimtazama Night, nikingoja akatae. Akaupokea mwiko. Akajifunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya vitunguu. Mikono ilikwenda yenyewe, kama miaka yote. "Scovia," aliniambia bila kuinua macho, "peleka watoto. Jua itakuwa kali."

"Dada Night, wewe je?"

"Mutu alichinja mbuzi kwa sababu yangu. Mimi nitafanya nini?"

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka moto. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yule mzee, na yasingekuwa mazuri, lakini ugenini ulimi hufungwa kamba. Nikawapanga watoto jozi jozi. Jozi nne zikashikana mikono. Kevina hakuja. Alikwenda kusimama mbele ya kigoda cha nyanya yake, mkono ameunyoosha.

"Bibi, jozi yangu njo wewe," akasema, yaani ndiye yeye.

"Enda na mama Scovia."

"Mama Scovia iko nyuma. Wewe njo uliandika. Hakuna kutembea bila jozi." Akaketi chini. "Basi na mimi sitembei."

Wale wanane waliposikia hivyo, nao wakaketi. Sheria ni sheria.

Night aliweka kisu chini. Akainuka kwa kushikilia goti, akamwendea kaka yake aliyekuwa akinoa panga bila sababu, akamwambia jambo kwa sauti ya chini, akimtazama usoni. Akamnyooshea mwiko. Lokule alitazama mlangoni, akatazama kwa jirani, akatutazama sisi. Kisha akauchukua.

"Jueni kwamba chumvi iko kidogo," alisema, kama mtu anayetoa amri.

Night akamshika Kevina mkono, tukaondoka.

Tulipofika mahali pa kupumzikia, mimi nikihema, nilimbana aniambie. Alicheka mpaka akashika mbavu. Ni hivi: miaka yote Lokule amewasimulia watu wa Ludara habari za bunduki na mahandaki. Lakini miaka ishirini iliyopita, mwenzake wa jeshini alikuja msibani, na Night alipompakulia chakula, yule mtu akaonja akasema, "Ndugu yako alikuwa anatupikia tamu kuliko hii." Lokule alikuwa mpishi wa kambi, miaka kumi na moja. Night aliinyamazia siri hiyo tangu siku ile. Asubuhi hiyo alimwambia tu: "Kaka, hii nyama wewe unajua kuipika kupita mimi. Ama nieleze hii watu namna gani unajua?"

Akaniapisha nisimwambie mtu. Unaona mwenyewe ninavyojua kutunza siri.

Kupanda kulituchukua saa nzima na robo. Mgongo wa mlima ni mwembamba, nyasi zimekauka, upepo unakupokonya kitambaa. Watoto walikuwa wakiimba, mimi nikiokota wawili kila baada ya hatua ishirini. Night alitangulia na Kevina, polepole, bila kusimama. Nilipofika juu nilimkuta ameketi juu ya jiwe, viatu pembeni, na chini yake ziwa.

Sitakudanganya kwamba ni kubwa. Lakini lilikuwa la kijani pembeni na jeusi katikati, na mawingu yalikuwa yakitembea ndani yake. Watoto waliteremka mpaka ukingoni, wakatia miguu. Night hakuwaita, hakuwahesabu. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Saa saba simu yake ikalia. "Nyama imeiva," Lokule alisema, na sote tulisikia. "Kujeni!"

"Sawa," Night akasema. Hakuinuka.

Watoto walimtazama. Nusu saa ikapita, simu ikalia tena. "Night! Chakula inapoa!"

"Basi leta."

"Leta wapi?"

"Huku juu."

Akaizima simu na kuiweka ndani ya kiatu. Mpishi wa shule, aliyepakulia nusu ya watoto wa Arua, amemwamuru kaka yake mkubwa alete chakula mlimani! Nilijua hatakuja. Nikaanza kugawa mihogo.

Alikuja. Kevina ndiye aliyemwona kwanza, kwenye mgongo wa mlima: mzee mrefu, kofia mfukoni, sufuria kichwani, ameitia ngata na haishiki hata kwa mkono mmoja. Kumbe kweli alikuwa mpishi. Nyuma yake majirani wawili walibeba sahani na enya, ule ugali wetu wa muhogo na wimbi. Watoto wakapiga vigelegele mpaka mlima ukajibu. Akatua mzigo, akafuta jasho, akapakua sahani ya kwanza, akainama na kumpa dada yake kwa mikono miwili.

Night alikula taratibu. Lokule alibaki amechuchumaa, akimtazama mdomo.

"Iko sawa?" aliuliza.

Night alitafuna, akameza. Akanyoosha sahani aongezewe, na macho hakuyatoa majini.