Mchepuo wa Upendo

Uvumilivu wangu uliisha jikoni kwangu, Elerai, nilipomsikia binti yangu Upendo, wa kidato cha pili, akimwambia rafiki yake uani: "Mimi mchepuko nishachagua. Mgumu, lakini una hela baadaye. Mwalimu Kaaya kasema tusisubiri."

Kuchagua hawara, na mwalimu ndiye kasema! Na mimi mimba ya huyu huyu Upendo ndiyo iliyonizuia kwenda kidato cha tano. Nikatupa mwiko, nikaenda shuleni na kanga yangu yenye masizi.

Mkuu wa shule ni mama mtu mzima, lakini hata shikamoo sikumpa.

"Naleta malalamiko! Kaaya anawafundisha watoto kuchagua michepuko!"

Walimu wakaacha chai. Kaaya mwenyewe akauliza taratibu, "Michepuko, Mama Upendo, au michepuo?"

"Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Mchepuo, mama. Wakiingia kidato cha tatu wanagawanyika: sayansi, sanaa, biashara. Upendo kachagua sayansi, anataka udaktari."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Na cheti changu cha kidato cha nne, neno la shule limenishinda!

"Basi tuyaache malalamiko?" mkuu akauliza, akijifuta machozi.

"Ngoja kwanza. Fizikia anawafundisha nani?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu wa fizikia alihama mwaka jana.

"Basi andika," nikasema. "Mama Upendo analalamika kwamba mwanawe anaambiwa ajiandae mapema kuwa daktari, na darasani hakuna wa kumfundisha fizikia."

Nikasaini.