Jioni Koko Aliposimama Maktabani

Mwaka huu nimerudi Kindu baada ya kukaa mbali miaka mingi, na jambo la kwanza aliloniambia mdogo wangu, hata kabla sijafungua mizigo, ni kwamba jioni za historia zimeanza tena maktabani. Nikaenda. Ni jengo jipya, rafiki yangu, lina viti vya plastiki na taa za jua, na kijana aliyeeleza habari za ngoma za Maniema alikuwa na picha zinazotembea ukutani. Alieleza vizuri. Lakini nakiri sikumsikia sana. Masikio yangu yalikuwa yamekwenda kwenye chumba kingine, kile cha miaka ya vita, chenye harufu ya karatasi zilizolowa mvua na harufu ya mawese, kwa sababu watu walikuja moja kwa moja kutoka sokoni na kukaa walivyo.

Miaka ile treni ilikuwa haiji tena. Reli ilibaki kuwa mahali pa kuanika mpunga. Chumvi ilikuwa adimu mpaka ulimi ukazoea kuikosa. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Koko, neno letu la nyanya, alichoma magugu ya mtoni, akachuja majivu yake kwa maji, akachemsha hadi ikabaki chumvi ya kijivu yenye ladha kidogo ya moshi. Sombe, yaani kisamvu, ya majivu yale bado naitafuta mdomoni. Tulikaa Alunguli, ng'ambo ya mto, mimi, mdogo wangu, mama na Koko. Mama alishinda sokoni. Kila Alhamisi, jua likianza kupoa, Koko alijifunga kitenge chake kizuri, akanishika mkono, tukavuka kwa mtumbwi kwenda maktabani.

Mwalimu aliyeilinda maktaba alikuwa amefundisha historia shuleni mpaka shule zikafungwa. Ndipo akaamua kuwafundisha wakubwa. "Watoto watasoma vita ikiisha," alisema, "lakini wazee watakufa na mambo yao." Watoto hawakuruhusiwa. Koko alipoambiwa hivyo siku ya kwanza, alinisukuma mbele yake akasema, "Huyu si mutoto, ni macho yangu." Hakujua kusoma, na mwalimu hakubisha.

Waliita jioni, ila kwa kweli ilikuwa alasiri inayokimbia. Jua likigusa miti, kila mtu alipaswa kuwa kwake, na mitumbwi ilifungwa. Kwa hiyo watu walizungumza bila kupoteza muda, huku wengine wakichambua mchele mapajani. Mwalimu alianza kwa kuandika methali ubaoni. Chaki ilikuwa imekwisha mjini, akawa anaandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na unga wake ulimdondokea viatuni. Koko alinong'ona, "Wameandika nini?" Nami nilimsomea sikioni. Nilikuwa na miaka tisa, na sidhani kama nimewahi tena kujisikia mtu muhimu kiasi kile.

Alhamisi moja mwalimu alitangaza kwamba tutazungumza juu ya wakati wa misafara, watu wa pwani walipofika Maniema kutafuta meno ya tembo na watumwa. Ubaoni aliandika: *Mwacha mila ni mtumwa.* Nikamsomea Koko. Hakuitikia kwa kichwa kama kawaida yake. Aliniambia nisome tena, polepole.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani yetu wa Alunguli, fundi cherehani, mzee mpole wa kanzu na kofia ambaye alinipa vipande vya vitambaa nishonee wanasesere. Babu yake alikuja na misafara ile. Alieleza nyumba yao kubwa, kisima, bustani ya malimau, na namna wageni walivyolishwa wali siku saba. "Babu alikuwa na watu wengi," alisema kwa fahari tulivu. "Watu wake walijaa uwanja muzima."

Koko akasimama. Hakuwahi kusimama mle ndani.

"Mwalimu," alisema, "futa ile maneno."

"Ipi, mama?"

"Ile uliandika. Mutumwa hakuacha mila. Alikamatwa. Koko yangu alikuwa mutoto kama huyu, walimutuma mayi ku mutoni, upande wa Pangi. Hakurudi. Alitembea mpaka miguu ikavimba. Sasa niambie, yeye aliacha nini?"

Mikono iliyokuwa ikichambua mchele ilisimama. Fundi alisema, bila ukali, "Mama, ile njo mambo ya zamani." Na Koko akamgeukia. "Kwako wewe ni ya zamani. Mutenda anasahau, mutendwa hasahau. Wale watu walijaa uwanja wenu, ulishaka hata siku moja kuuliza majina yao?"

Utaelewa hofu yangu ukikumbuka ilikuwa miaka gani. Siku zile mtu akiulizwa asili yake barabarani, jibu lingeweza kumpoteza. Na Koko alikuwa amelificha jambo lile maisha yake yote. Hata mama hakulijua. Aliendelea kusema kwamba nyanya yake alipokonywa vyote, hata jina la kwao, akabakiwa na wimbo mmoja wa lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeielewa. Kisha akauimba, pale pale, akiwa amefumba macho. Niliujua. Ndio aliotulazia sote. Siku zote niliuona kuwa wimbo wa huzuni, sauti ikishuka kama mtu anayeshuka kwenye bonde la ukungu.

Nyuma karibu na mlango alikaa mama mmoja muuza mawese, aliyekimbia mapigano Pangi na watoto wake. Hakuwa amesema neno tangu aanze kuja. Akacheka. Aliufunika mdomo kwa mkono, akaomba msamaha, lakini kicheko kikamshinda.

"Ni luga yetu," alisema. "Hapana wimbo ya kilio, Koko. Wanawake wanaimba wakienda kuvua samaki na vikapu, mayi ikipunguka. Wanamucheka mwenzao moja. Kikapu yake iko na tundu, samaki wote wanatoka, na yeye anaendelea tu kuvua!"

Koko alifumbua macho. Alimtazama yule mama, nami nikajua atalia. Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakimtiririka, akinipigapiga goti. "Kikapu ya tundu! Yee, mama yangu, walituimbia kikapu ya tundu!" Wakamwomba aimbe tena, na yule wa Pangi akaimba naye, na wanawake wengine wakapiga makofi. Mwalimu akaufuta ubao kwa mkono wa shati lake.

Fundi hakucheka. Tulirudi naye katika mtumbwi mmoja, mto ukiwa na rangi ya shaba. Alhamisi iliyofuata Koko alikataa kwenda. Alisema amesema mengi mno. Siku kadhaa baadaye, asubuhi, tukitwanga mpunga, fundi alikuja uani. Alikuwa ameshika kofia mkononi, na sikuwahi kuona kichwa chake kitupu.

"Mama, nilimuuliza dada yangu mukubwa," alisema. "Kwetu kulikuwa mama moja muzee, tulimwita tu Mama wa Jikoni. Alitupikia sisi wote. Kumbe yeye njo alimuzaa baba yangu. Alikuwa mumoja wa wale watu." Aliizungusha kofia mkononi. "Nimekula chakula yake miaka kumi. Jina yake siijui."

Koko aliweka mtwangio chini. Nilidhani atamwambia neno la kuchoma, maana alikuwa nayo mengi. Akamvutia kigoda. "Kaa, ndugu yangu," alisema. "Wali iko motoni."

Alhamisi iliyofuata walikwenda pamoja, wakakaa benchi moja, na fundi akasimama kueleza habari za Mama wa Jikoni na namna alivyokuwa akikaanga samaki wake. Ilikuwa moja ya jioni za mwisho. Mapigano yalisogea mjini, watu wenye bunduki wakalala maktabani, na mabenchi yakawa kuni. Mwalimu alikwenda njia ya Lubutu. Hatukupata habari zake. Mama wa Pangi alirudi kwao. Fundi na Koko walizeeka wakigombana juu ya chumvi ya kutia kwenye samaki, wakafuatana kuzikwa mwaka mmoja, baada ya amani.

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki hadi Pangi. Maneno ya ule wimbo nimeyapoteza. Tulikuwa katikati ya vitabu na hakuna aliyeandika. Niliwaimbia wanawake sauti yake kwa kinywa kilichofumbwa, wakaitambua upesi, na kila mmoja akanipa maneno yake. Mmoja alisema ni wa harusi. Mwingine alisema ni wa kumpongeza aliyejifungua. Hakuna aliyetaja kikapu. Bibi mmoja aliusikiliza mpaka mwisho, akasema mamake aliuimba, lakini yeye alikuwa mtoto, hakushika. Tukakaa wawili, tukiuimba bila maneno.