Mstari wa Chupa

Kriii. Ndivyo kigoda kilivyolia sakafuni kila Somo alipokivuta akae, macho yake yalingane na mstari wa kipimo shingoni mwa chupa. Yeye na Mama Matone, kama wanafunzi walivyomwita mwenzake, walikuwa wakizimua asidi za maabara ya shule, yaani kuzipunguza ukali kwa maji, tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Waliitana somo kwa kuwa walipewa jina moja. Kila mmoja aliusoma mstari kimya, wala hakutamka kitu mpaka mwenzake amalize, wasije wakaambukizana makosa.

Somo alizikwa wakati wa likizo. Shule ikaamua kuwa mtu mmoja anatosha.

Sasa kesho ni mtihani wa kemia wa vitendo. Hesabu haikumpa Mama Matone taabu: asidi ina moli mbili kwa lita, inatakiwa yenye sehemu moja ya kumi ya moli, basi izimuliwe mara ishirini. Mililita mia za asidi, kisha maji mpaka zitimie lita mbili. Akikosea, watoto watapima kwa uangalifu wao wote na bado watapata majibu ya uongo.

Katika chupa ya kwanza maji yaliupita mstari. Yakishazidi hayatoleki, kwa hiyo akaimwaga yote. Asidi iliyobaki ilitosha mara moja tu.

Mwalimu wa kemia alipopita, Mama Matone alimwomba amsomee mstari. Mwalimu akatupa jicho akiwa wima, simu sikioni, akasema iko sawa, mama. Maji yalikuwa hayajafika hata shingoni mwa chupa.

Mama Matone akaendelea peke yake, tone kwa tone. Akasoma, akatoka nje, akarudi kusoma tena kana kwamba yeye ni yule mwingine. Wote wawili waliona yamefika. Hakumwamini hata mmoja wao.

Ukumbini mfagiaji alikuwa akipiga deki. Miaka yote walipeana salamu tu, wakapita. Mama Matone akamwita aje amsomee mstari.

“Mimi, dada? Mimi hata chai huizidisha maji,” mfagiaji akacheka, lakini akapiga magoti. “Nitazame wapi?”

“Chini kabisa, pale maji yalipobonyea. Usiseme kitu mpaka nami nisome.”

Wakatazama, mashavu yakikaribia kugusana.

“Bado kidogo,” akasema mfagiaji.

Mama Matone akadondosha tone moja. Mfagiaji akashika goti lake ili ainuke.

“Kaa kwanza, ndugu yangu,” Mama Matone akamwambia. “Tusome tena.”