Dhamana Niliyoieleza Kabla ya Kuielewa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo sipendi kuikumbuka.

Nilikuwa ndio nimetoka chuo kikuu. Binamu yangu Marwa, mkulima wa Nyamwaga, alishtakiwa kumjeruhi jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Mahakama ikamwachia kwa dhamana, na mimi nikawa mdhamini wake. Masharti yalisomwa: afike kila siku ya kesi, na asitoke nje ya wilaya bila ruhusa ya mahakama. Asipoonekana, nitajibu mimi. Nikasaini kwa mbwembwe.

Tulipotoka nje nikawahutubia ndugu zangu, bila kuombwa. Neno dhamana, nikasema, limetoka kwa Waarabu, na maana yake ni kubeba jukumu la kitu au mtu mpaka arudi salama. Baba mkubwa, tuliyemwita Tata, alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Neno umejua lilikotoka," akasema. "Huyu mtu wako, utajua anakokwenda?"

Watu wakacheka. Nami, kwa ujinga wangu, nikacheka.

Siku mbili kabla ya kesi Marwa akanipigia simu. Mjomba wake alikuwa amefariki Isebania, ng'ambo ya mpaka wa Kenya.

"Ni hapo tu, kaka. Nikisimama Sirari, hapa mpakani, naona mabati yao. Nazika, narudi."

Sisi Wakurya tuna ndugu pande zote mbili. Kwenda kumzika mjomba Kenya, hakuna anayesema ni safari.

"Nenda," nikamwambia. "Si mbali."

Siku ya kesi jina lake likaitwa mara tatu. Simu yake haikupatikana. Karani akatazama huku na huku.

"Mdhamini yupo?"

Nikasimama, nikishika benchi la mbele. Hakimu akauliza mshtakiwa yuko wapi. Kiswahili changu cha chuo kikanitoroka.

"Mheshimiwa, yuko msibani... kwa mjomba... Kenya."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu akachukua kalamu. Askari wa mlangoni akasogea upande wangu, au labda hofu yangu ndiyo iliyomsogeza. Kichwani tayari nilimwona mama yangu akija kunitazama mahabusu na chakula kwenye hotpoti.

Ndipo Marwa akaingia akihema, suruali ina udongo wa kaburini. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Hakimu alikuwa na swali moja: nani alimruhusu kutoka nchini?

Marwa hajui kudanganya. Akaninyooshea kidole. "Mdhamini wangu alisema niende."

Dhamana ikafutwa. Alipelekwa mahabusu na udongo ule ule, akakaa humo hadi mahindi yake yakaanguka shambani. Mwishowe alishinda kesi, lakini siku ile alipopelekwa mahabusu, mama yake alinipita mlangoni kama hanijui. Afadhali angenitukana.

Mwanangu, ukiombwa kumdhamini mtu, usianze na asili ya neno. Soma masharti, kisha msomee na mwenzako kwa sauti, kwa Kikurya ikibidi. Msiba ukiwapata, nendeni wote wawili mahakamani mkaombe ruhusa kabla hajavuka hata mtaro wa mpakani Sirari. Ruhusa ile si yako kuitoa, hata uwe na shahada mbili.

Mungu akulinde na siku ya jina la mwenzako kuitwa mara tatu. Na ikikufika, akujalie ugeuke umwone ameketi nyuma yako.