Kipande Kilichobaki Kijani

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya duka la mbegu pale Pumwani, nikinunua mbegu za sukuma, wakati mama mmoja wa kutoka pande za Machakos alipoingia. Alitaka kujua kwa nini lusini yake, yale majani ya kulisha ng'ombe, imekauka shamba zima isipokuwa kipande kimoja.

"Mizizi yake hufuata maji chini sana," muuzaji akasema. "Hapo palichimbwa zamani, udongo ukalegea."

"Sisi hatujachimba. Shamba tulinunua."

"Kipande chenyewe ni kikubwa kiasi gani, mama?"

Mama akanitazama polepole, toka kichwani hadi viatuni. "Kama huyu baba, akilala."

Muuzaji akaacha kupima mbegu zangu. Mimi nikajikuta nimebana miguu pamoja.

"Basi usikate," nikamwambia.

"Nisikate? Ng'ombe ni huyo mmoja, na hana kingine cha kula. Akifa, wajukuu watakunywa nini? Wewe utawaletea?"

Muuzaji akamwambia kwa sauti ya chini asing'oe mizizi. Akate juu tu, ayaache majani yanyauke kwanza, ng'ombe asije akavimba tumbo.

"Nitakata," mama akasema, akikaza leso yake kiunoni. "Lakini kwanza nitapiga hodi."

Jumapili niliwaombea wote, ng'ombe, wajukuu, na huyo aliyelala chini ya lusini, nisiyemjua jina. Na nakiri, ndugu msomaji, nilichoomba kwa nguvu zaidi ni kwamba asiwepo wa kuitikia "karibu".