Kwa Nini Mtu Huhama

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Sur, Oman, mudira, yaani mwalimu mkuu, alinikabidhi chaki na kitabu cha historia akaniambia, "Fundisha kilichoandikwa. Maswali yaache." Nimezaliwa Unguja katika nyumba ya wabishi. Sikumsikiliza.

Nikahamishiwa Nizwa, kisha Ibra. Kila somo lilipofika Dola ya Rumi wasichana waliuliza lile lile: Wakristo wa mwanzo walikuwa wachache, hawana jeshi wala mali, walieneaje? Nikawaeleza sababu za kijamii, maana yake mambo ya mtu na mtu. Maradhi yalipoingia mjini wengi walikimbia, wao wakabaki kuwanywesha wagonjwa maji, hata wasio wa dini yao. Mjane alitunzwa. Maskini alizikwa. Mtumwa alikaribishwa kula pamoja na waungwana.

Mudira wa Ibra akaniita. "Ustadha, unawafundisha watoto Ukristo?"

"Nawafundisha kwa nini mtu huhama dini."

"Khalas, yatosha. Rumi ipite haraka."

Wiki ile ile alitualika walimu chakula cha mchana kwake. Tumeshazunguka sinia, nikauliza yuko wapi Mwanaidi, mtumishi wake, msichana wa Tanga.

"Ana homa. Nimemweka stoo, asije akawaambukiza watoto."

Nikainuka na wali mkononi. Nilimkuta sakafuni, midomo imemkauka, kikombe kitupu. Hata maji! Na mudira hakosi sala tano.

"Mwache mtumishi wangu," alifoka. "Utamdekeza."

"Nakuachia wali wako," nikamwambia, nikamchukua binti hospitali, kisha kwangu.

Alipopata nafuu nilimkalisha tule pamoja. Alikula matonge mawili, akasita.

"Bibi, samahani nikuulize. Nyinyi humu ni Wakristo?"

Sasa nimestaafu, na nyinyi walimu vijana mnakuja kuniuliza nimejifunza nini darasani. Nimejifunza kukasirika. Kumtazama mgonjwa, kumlisha mtumishi unachokula wewe, yote hayo dini yetu imetuamrisha, na sisi tunayasoma kwa sauti nzuri kisha tunafunga mlango wa stoo. Binti Mwislamu, anayeswali chini ya dari moja na Waislamu wenzake, alitendewa wema mara moja tu akadhani ameingia kwa watu wa dini nyingine!

"Sisi Waislamu, mwanangu," nilimjibu. "Kama wewe."

Aliona haya, akaniomba radhi. Yeye!